Sura ya Sita: Maji Yanaingia Wapi?

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu kuona meli za kale, niliwaharibia siku. Usiku wa kuamkia safari nilikesha nikiandaa karatasi za maswali, maswali 40 kwa kila mtoto, na asubuhi nikawavisha kalamu shingoni kwa uzi kama mahabusu waliopewa namba. Nilikuwa nimepanga tumalize meli tatu, karakana ya kamba, banda la mhunzi na ukumbi wa kutazamia nyota kabla ya saa kumi jioni. Ilipofika saa sita mchana binti yangu mkubwa, wa miaka 11, alikuwa amejaza majibu 31 bila kuutazama mlingoti hata mmoja. Alikuwa akiwinda majibu kwenye vibao. Mdogo wake wa miaka minane alikuwa ameiachia kalamu yake ikaanguka mtoni, na mpaka leo sijui kama kweli ilimponyoka. Kitinda mimba alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba analia, anataka ugali. Ugali, Connecticut, saa sita mchana.

Tulirudi nyumbani kimya. Shule niliyodhani nimeikimbia nilikuwa nimeibeba mkobani.

Mahali penyewe panaitwa Mystic Seaport Museum, katika mji mdogo wa Mystic, jimbo la Connecticut, pwani ya mashariki ya Marekani. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1929, yakakaa kando ya mto, pale ambapo katika karne ya 19 palikuwa na yadi ya kuundia meli ya ndugu wa ukoo wa Greenman. Usifikirie makabati ya kioo na walinzi wanaosinzia. Ni kijiji. Kuna mtengeneza mapipa, kuna mhunzi, kuna kipande cha karakana ndefu ya kusokotea kamba kilichohamishwa kutoka Plymouth (mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia karibu na mashamba ya mkonge, hapo nilisimama muda mrefu kuliko wote), na gatini zimefungwa meli zenyewe, ziko majini, zinayumba kidogo mashua ya injini ikipita.

Kwa msomaji aliye nyumbani, neno moja kuhusu sisi. Watoto wangu hawaendi shule. Tunawasomesha nyumbani, mimi asubuhi na baba yao jioni akitoka kazini. Marekani jambo hili linaruhusiwa katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake. Mama yangu huko Tanga hakulimeza upesi. Kila Ijumaa akipiga simu, baada ya salamu na habari za majirani, swali lilikuwa lile lile: "Haya, na shule wameshafungua?" Nikimjibu kwamba leo wamesoma hesabu kwa kupima unga wa mandazi, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Mandazi ni mandazi, mwanangu."

Maneno ya namna hiyo humwingia mzazi. Ndiyo maana wengi wetu tunaosomesha nyumbani hatuwezi kwenda ufukweni bila kutafuta somo la sayansi ndani ya kombe. Tunaogopa kuulizwa. Tunataka ushahidi, karatasi iliyojazwa, kitu cha kumwonyesha mtu. Karatasi zangu za maswali 40 zilikuwa za kumwonyesha mama yangu.

Tulirudi Mystic mwezi Oktoba, siku ya Jumanne. Jumanne ya Oktoba ndiyo neema kubwa ya kusomesha nyumbani, na sijui kwa nini hatuitaji mara nyingi zaidi: umati wa kiangazi umekwisha, wanafunzi wako madarasani, na mafundi wana muda wa kuzungumza. Safari hii sikubeba karatasi. Nilibeba chapati, na ndani ya gari mtoto wa pili akanipa swali bila mimi kuliomba. Alikuwa akitazama nje. "Mama, meli ya mbao ni mbao zimepangwa pembeni tu. Sasa katikati ya ubao na ubao, maji yanaingia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. "Tukaiulize meli," nikasema, na nikaona kwenye kioo cha gari kwamba dada yake ameacha kusoma.

Meli tuliyokwenda kuiuliza inaitwa Charles W. Morgan. Iliundwa New Bedford, jimbo la Massachusetts, na kushushwa majini tarehe 21 Julai 1841, kwa kazi moja tu: kuvua nyangumi. Kwa miaka 80, hadi 1921, ilifanya safari 37, Atlantiki, Pasifiki, Bahari ya Hindi, mpaka kwenye barafu za kaskazini. Wakati mmoja Marekani ilikuwa na mamia ya meli za aina yake. Iliyobaki ni hii moja. Mwaka 1941 iliburutwa ikaletwa Mystic, na hapo ndipo ilipo.

Kwa macho ya mtu wa pwani yetu, aliyezoea jahazi, ni meli nene, fupi kuliko alivyotarajia: urefu wake ni kama futi 113, sawa na mita 34. Mabaharia 35 hivi waliweza kuishi humo miaka mitatu, minne, bila kurudi kwao. Safari ya kwanza iliyoanza Septemba 1841 ilichukua miaka mitatu na miezi kama minne. Binti yangu alisimama juu ya sitaha akapiga hesabu kwa vidole. "Yaani ningeondoka nina miaka 11, nirudi nina 14?" Hakuna kibao kilichomwambia hivyo.

Tukashuka ngazi. Huu ndio ushauri wangu kwa yeyote mwenye kupeleka mtoto melini: shuka kwanza. Sitaha inapendeza kwa picha, lakini meli yenyewe iko chini. Ghorofa ya kati ya Morgan ina dari fupi kiasi kwamba mtu mzima hutembea ameinama, na hapo ndipo mabaharia walipokatakata shahamu ya nyangumi. Mbele, omoni, kuna chumba cha mabaharia wa kawaida, vitanda vya mbao vimebandikwa pembeni kwa tabaka mbili, kila kimoja upana wa mabega. Nyuma, tezini, anakaa nahodha, na kitanda chake kimetundikwa kwa namna ya kubembea, meli ikilala upande yeye analala sawa. Wanangu waliliona hilo kabla yangu. "Huyu mmoja tu ndiye hatikisiki," akasema kitinda mimba, na kwa maoni yangu hakuna aliyeueleza muundo wa vyeo vya meli vizuri kuliko yeye siku ile.

Mtoto wa pili hakuvutwa na kitanda. Alikuwa amebandika shavu kwenye ubao. Tukanyamaza wote. Ukinyamaza ndani ya meli ya mbao iliyo majini unasikia mambo mawili: maji yanayogonga ubao kwa nje, na mbao zenyewe zinazolalamika zikisuguana. Alikaa hivyo nadhani dakika kumi. Mimi wa zamani ningemvuta mkono twende meli ya pili.

Aliyetujibu alikuwa mzee mmoja, fundi wa yadi ya makumbusho, tuliyemkuta baadaye karakanani. Alikuwa na kipande cha ubao wa mazoezi, mbao mbili zimekutanishwa na baina yao mfereji mwembamba kama wa kutelezea sarafu. Akachukua uzi mnene wa pamba, akaukunja vikunjo vidogo vidogo juu ya mfereji, akaweka patasi butu pana, kisha akapiga kwa nyundo ya mti yenye kichwa kirefu. Juu ya pamba akaja na nyuzi za katani zilizofumuliwa kutoka kamba kuukuu na kulowekwa lami. Akapiga tena. Mwanzo mlio ulikuwa mzito, kama wa kupiga gunia. Kadiri nyuzi zilivyokaza, mlio ukapanda ukawa mkali, karibu na kengele. "Sikio ndilo linalokwambia uache," akasema. "Ukipiga zaidi ya hapo unatenganisha mbao." Kisha akampa mwanangu nyundo.

Nami nikamwambia yule mzee kwamba kwetu kazi hii ina jina, tunaita kalafati, na mafundi wetu wanatumia pamba iliyopakwa mafuta. Akanitaka nilirudie neno. Nikamweleza kwamba Waarabu wanalo la jamaa hiyo, na Wareno wanasema calafetar. Neno hili limezunguka bahari kabla sisi hatujazaliwa, likishushwa bandari moja baada ya nyingine pamoja na patasi.

Mwanangu alipiga nusu saa. Jibu la swali lake alilipata mkononi: maji yanaingia popote pale, na meli inaelea kwa sababu kuna mtu aliyekaa akajaza kila mfereji, na mbao zikilowa zinavimba zinabana zaidi, na bado yanayovuja yanapigwa pampu kila siku. Alipenda sana hiyo ya pampu. Alikuwa amedhani meli nzuri haivuji.

Nilikuwa na hadithi moja ya kuongeza na nikaisema hapo hapo, mikono yake ikiwa bado inanuka lami. Mwaka 1838 alifika New Bedford kijana mweusi aliyetoroka utumwa Maryland, naye alikuwa fundi kalafati aliyejifunza kazi kwenye yadi za Baltimore. Jina lake Frederick Douglass. Mji ule ulikuwa na meli nyingi na kazi ilikuwepo. Lakini mafundi wazungu walisema yeye akiingia wao wanatoka, basi akabaki kupasua kuni, kubeba makaa, kupakia mapipa, kazi yoyote ya kibarua. Aliishi mji huo mpaka 1841, mwaka uleule Morgan iliposhushwa majini. Baadaye akawa mmoja wa wasemaji wakubwa kabisa wa kupinga utumwa katika nchi ile. Mwanangu akaitazama nyundo. "Kwa hiyo meli hii ilikosa fundi," akasema, na akaendelea kupiga.

Na kuna mwingine wa mji huo huo, Lewis Temple, mhunzi mweusi. Mwaka 1848 alitengeneza chusa chenye kichwa kinachogeuka kikishaingia kwenye nyama, nyangumi akivuta hakichomoki. Wavuvi wa nyangumi wa Marekani wakakifuata. Temple hakuwa amekisajili, na wengine wakatajirika.

Lakini chusa kinaleta swali jingine, na mzazi anayewaleta watoto kwenye meli hii ajue litamfika. Juu ya sitaha ya Morgan kuna jiko la matofali lenye masufuria mawili makubwa ya chuma. Humo ndimo shahamu ilimoyeyushwa, bahari kuu, usiku na mchana, huku chini ya matofali kukiwa na kisima kidogo cha maji ili moto usiiunguze sitaha. Kuni zilikuwa makapi ya shahamu yenyewe, nyangumi alijipika. Mafuta yakaenda kwenye taa za majumba na mashine za viwandani. Ule utando mgumu wa mdomoni mwa nyangumi asiye na meno ukawa mbavu za miavuli na za mikanda ya kubana viuno vya wanawake. Kitinda mimba alichungulia sufuria, akauliza, "Nyangumi alifanya nini?"

Hakufanya kitu. Nikamwambia hivyo. Sikuwa na cha kupamba, na nadhani kosa kubwa la vitabu vingi vya watoto kuhusu bahari ni kukimbilia ushujaa pale mtoto anapouliza jambo la haki. Nikamwambia watu walihitaji mwanga usiku, na wale waliokwenda kumtafuta nyangumi wengi wao walikuwa maskini waliotoka Cape Verde, Azores, visiwa vya Pasifiki, na vijana wa mashamba ya Marekani ambao hawakuwahi kuona bahari. Halafu nikamwachia dada yake hesabu, kwa sababu anapenda hesabu zenye watu ndani.

Baharia wa nyangumi hakulipwa mshahara. Alipewa fungu la mapato ya safari nzima. Nahodha aliweza kupata fungu moja katika 15 hivi, na kijana mgeni wa bahari moja katika 175 au chini zaidi. Tukabuni shehena ya dola 50,000, ili hesabu iwe nyepesi. Binti yangu akapiga gawio ameketi kwenye kivuli cha mlingoti: nahodha dola 3,333, kijana dola 285. Akagawa tena kwa miezi 40. Dola 7 na senti chache kwa mwezi. Kisha nikamwambia kwamba nguo, tumbaku na kisu alivyochukua kwenye duka la melini vilikatwa humo humo. Akafuta jibu lake akaandika upya, kwa hasira. Baba yake amejaribu mwaka mzima kumfundisha sehemu za namba kwa kukata keki.

Hapa nitatoka kidogo kwenye gati. Katika miaka hiyo hiyo, meli za Marekani za kuvua nyangumi zilikuwa zikitia nanga Unguja kuchukua maji na chakula, na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa wakinunua pembe na kopali na kuuza kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho bibi yangu alikiita merikani. Mimi nilikua nikidhani merikani ni jina la kitambaa tu, kama kaniki. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani ulitiwa saini 1833. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid Said, Sultana, iliingia New York ikitoka Unguja na tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ilikuwa imechakaa kwa safari, na Wamarekani wakaitengeneza upya bure kwenye yadi yao ya jeshi la majini. Picha ya rangi ya Ahmad bin Naaman, na kilemba chake na ndevu zake, ipo mpaka leo Salem, katika makumbusho ya Peabody Essex. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla ya Morgan kushushwa majini, watu wa New York walikwenda gatini kutazama meli ya kwetu, na bila shaka walileta watoto wao.

Nirudi Mystic. Meli ya pili ndogo kwa Morgan na nzuri zaidi kwa sura ni Joseph Conrad, ya chuma, milingoti mitatu, iliyoundwa Copenhagen mwaka 1882 ikiitwa Georg Stage. Ilikuwa meli ya shule. Vijana 80 kwa mkupuo walifundishwa humo kutweka na kutua matanga. Mwaka 1905 meli ya mvuke ya Kiingereza iliigonga usiku, ikazama, na vijana 22 wakafa. Ikaopolewa, ikaendelea kufundisha. Sikuwaficha wanangu hilo nalo, ingawa sikukaa juu yake. Siku za kiangazi makumbusho huwaalika wageni kuvuta kamba na kutweka tanga, nayo ni dakika ishirini bora kuliko kurasa zote nilizowahi kuwasomea kuhusu kapi: mtoto mmoja peke yake hainui foromali, watoto kumi wakivuta kwa pamoja kwa wimbo inakwenda juu.

Meli hii inanihusu kwa njia ambayo sikuijua mpaka nilipoanza kusoma habari zake. Mwaka 1934 ilinunuliwa na Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, akaipa jina hili jipya, akakusanya mabaharia wengi wao vijana, akaizungusha dunia kwa miaka miwili kwa upepo mtupu. Safari ikammaliza mfuko, akaiuza. Je, mtu aliyepoteza meli yake na anaamini kwamba zama za matanga zimekwisha anakwenda wapi? Villiers alikwenda Aden. Mwishoni mwa 1938 alipanda chombo cha Kuwait, cha aina ya bumu, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, akateremka na kaskazi: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, hadi mdomo wa Rufiji. Huko chombo kikapakia boriti za mikoko, kama vyombo vya aina hiyo vilivyofanya kila mwaka, zikapelekwa Ghuba ambako hakuna miti, zikaezeke nyumba. Aliandika kitabu, Sons of Sinbad, kilichotoka 1940, na alipiga picha nyingi.

Tulikuwa tumekaa juu ya sitaha ya Joseph Conrad tukila chapati nilipowaeleza. Nikawaambia: vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ni fupi, na nyumba za zamani za Kuwait ni nyembamba kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa boriti ni zile zile. Binti yangu, aliyewahi kulala kwenye chumba cha namna hiyo kwa shangazi yake Unguja, akapima kwa mikono hewani. "Kwa hiyo chumba cha shangazi kina urefu wa mti," akasema. Na mimi nikakumbuka kwamba ndani ya karatasi zangu za maswali 40, kuhusu meli hii nilikuwa nimeuliza: ina milingoti mingapi?

Meli ya tatu, L.A. Dunton, ya uvuvi, ya mwaka 1921, tuliipita. Tulikuwa tumechoka, na meli mbili kwa siku ni nyingi tayari. Nawaambia wazazi wengine, moja inatosha.

Tulipokuwa tunaondoka mtoto wa pili akaigeukia Morgan kwa swali la mwisho. Fundi alikuwa amemwambia kwamba kati ya 2008 na 2013 meli ilipandishwa nchi kavu ikabadilishwa mbao nyingi mno. Nyingine zilikuwa za mwaloni wa kusini zilizofukuliwa Boston, kwenye yadi ya zamani ya jeshi la majini, ambako mafundi wa kale walizizika ili zisiharibike na ambako zilionekana wakati wa ujenzi wa hospitali. Ikashushwa tena majini tarehe 21 Julai, siku ile ile kama ya kwanza, na kiangazi cha 2014 ikafanya safari ya 38, bila vyusa, kwenda kuwatazama nyangumi tu. Sasa, mtoto akauliza, kama mbao nyingi ni mpya, ni meli ile kweli?

Dada yake akasema hapana. Kitinda mimba akasema ndiyo, kwa sababu jina ni lile. Mimi nikawauliza kuhusu nyumba ya babu yao Pangani. Makuti yake yamebadilishwa kila baada ya miaka michache, kuta zimekandikwa upya mara ngapi sijui, milango ni ya juzi. Ni nyumba ya babu au si ya babu? Wakabishana mpaka nyumbani, mwendo wa saa mbili, na hawakuelewana. Kwa rekodi tu, mkuku wa Morgan ni ule ule wa 1841.

Usiku ule mama yangu alipiga simu. Mjukuu wake akamweleza kalafati, akaigiza mlio wa nyundo kwa mdomo, wa kwanza mzito, wa mwisho mkali. Mama akasikiliza. Kisha akasema marehemu baba yake alikuwa akimtuma kupeleka chai kwa mafundi wa majahazi ufukweni, na mlio ule ulisikika mpaka sokoni. Hakuwahi kunisimulia. Suala la shule halikutajwa.

Hilo lilinikaa. Sisi watu wa mwambao, tulioishi kwa matanga miaka elfu na zaidi, hatuna meli moja ya kale tuliyoihifadhi majini ili mtoto ashuke ngazi aingie ndani yake. Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, umetoweka baharini tangu karne iliyopita. Mmoja uliundwa upya ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, vipo vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, navyo vinafaa sana kutazamwa, ila meli yenyewe iko chini ya maji. Anayepanga bajeti za utamaduni, popote alipo, ahesabu gharama ya jahazi moja la kale kulitunza gatini, na mafundi wawili wa kulitazama.

Lakini tunacho kitu ambacho Mystic hawana. Wao wanalipa watu kuonyesha kazi iliyokwisha kufa. Kwetu bado inafanywa ili watu wapate kula. Pale Nungwi, kaskazini ya Unguja, na Matondoni, kisiwani Lamu, mataruma ya vyombo vipya bado yanasimama mchangani, na nyundo ya kalafati inasikika bila kiingilio. Kama uko Unguja, Nungwi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka mjini. Nenda na watoto asubuhi, jua halijawa kali. Wasalimu mafundi kwanza, omba ruhusa kabla ya mtoto kugusa kitu, chukua chapati za kuwatosha na wao, na karatasi ya maswali iache nyumbani.